Kila kodi na hodi yake

Mwaka juzi mwezi wa 12 niliaibika mbele za watu hotelini na hii ya leo naiandika kwa sababu ya ile aibu. Tulikuwa watatu kama kawaida ya Ijumaa, mi gitaa, jamaa wa bezi na jamaa wa drami, tunawapigia watalii waliotoka porini wamechoka wanakunywa supu, hamna anayesikiliza, na mi napenda hivo maana ukikosea unakosea kwa amani. Sasa siku hiyo kuna mgeni mmoja mzee mzee hivi akaja na saksafoni yake kwenye begi, akaomba apige na sisi wimbo mmoja, meneja akasema hamna shida. Yule mgeni akatugeukia akasema bluzi, F, ya kijazi, akahesabu kwa kidole huyooo tukaondoka.

Aisee. Raundi zake 3 za mwanzo watu waliacha vijiko. Na wala hakupiga haraka, alipiga noti chache tu, ila kila kodi ilipobadilika ulisikia kabisa hapa tumehama, hata ungemzima mtu wa bezi bado ungejua tupo wapi. Alafu akanitazama mi, zamu yangu. Nikaingia na pentatoniki yangu ya F, ile skeli ya noti 5, ileile ya miaka yote, waya nimezivuta weee, macho nimefumba, najiona ndo mimi. Baa 12 za kwanza zikaisha, za pili zikaisha, nafungua macho namkuta mzee anatabasamu lile tabasamu la kumwangalia mtoto aliyekaa kwenye usukani wa gari lililozimwa. Mwisho akanishika bega akasema una vidole vizuri kijana. Akanyamaza kidogo, alafu akauliza, lakini kodi zilikuwa zinabadilika, ulizisikia?

Nilizisikia bana. Shida ni kwamba nilizisikia nikaziacha zipite.

Ngoja niweke sawa maneno kwa wasiopiga gitaa, maana juzi mwenye nyumba wangu alinisikia kwenye simu nasema "hizi kodi zinanisumbua sana mwezi huu" jioni yake akaja kugonga mlango. Kodi ninayoongelea ni ya muziki, noti kadhaa zinalia pamoja. Na nikisema baa 12 sio zile baa za Kwa Mrombo hapa Arusha, ni vipimo 12 vya muziki ambavyo ndo urefu wa bluzi raundi moja, hata mke wangu ilimchukua muda kuniamini nikimwambia nimekwama baa ya 9. Arpejio sasa ni kodi ileile ila noti zake unazitoa moja moja, kama mtu anayekuhesabia hela mezani noti kwa noti badala ya kukukabidhi bunda. Basi, hiyo tu. Neno kubwa kitu kidogo.

Kwaiyo baada ya ile Ijumaa nikaingia mtandaoni kama kila mtu. Nikaangalia video, nikapakua machati, kila kodi ina sehemu 5 za kuipigia kwenye shingo ya gitaa, zidisha aina za kodi, zidisha kii 12, nikachora zote kwenye daftari la mistari la mtoto. Kuanzia Januari hadi Machi kila usiku pale kwangu Sanawari mi ni kupanda na kushuka, F7 juu chini, B flati 7 juu chini (flati ni noti iliyoshushwa nusu hatua), C7 juu chini, mpaka vidole vikawa vinajua njia vyenyewe mi nawaza mambo ya ada. Nikarudi hotelini na silaha mpya. Nikapiga. Tulipomaliza jamaa wa bezi, ambaye huwa haongei, akaniambia kaka leo umetupigia mazoezi.

Na kweli, ukisikiliza rekodi (niliirekodi kwa simu, nimeifuta) ni mtu anapanda ngazi, anafika juu, anashuka, kodi inabadilika, anakimbia mpaka chini kabisa kutafuta mzizi wa kodi inayofuata (ile noti inayoipa kodi jina lake), anaanza kupanda tena. Kila baa inaanza upya kama gari bovu la kusukuma. Noti zote ni sahihi! Ndo kilichoniuma. Hakuna hata noti moja ya uongo na bado ilikuwa haina maana yoyote.

Sasa mwezi wa 4 ampu yangu, ile spika ya gitaa, ikafa. Fundi wa mjini hapa akaifungua akaifunga akasema hii inamtaka mzee flani Moshi, Majengo, anatengeneza maredio ya zamani na maampu, ukifika ulizia tu. Nikabeba ampu nikapanda Hais, konda akataka nilipie siti mbili, tukagombana mpaka Tengeru, nikalipa moja na nusu. Mzee nikamkuta kwenye kibanda chake katikati ya maredio yaliyotumbuliwa, miwani imefungwa na uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, weka hapo hilo jeneza."

Ni mtu wa Tanga, ukimsikia tu unajua, alikuja Moshi na bendi zamani kupiga wiki mbili akapata mke, bendi ikaondoka yeye akabaki. Akafungua ampu, akanusa, kweli akainusa, akasema kapasita, akabadilisha, alafu akaniambia nipe hilo gitaa tujaribu. Akakaa kwenye ndoo akaanza kupiga rumba taratibu, kodi 3 tu zile za siku zote, bila bezi bila drami bila mtu wa kumshikia rizimu. Na mi nimesimama pale mlangoni na boksi langu nikasikia kitu kilekile cha yule mgeni wa saksafoni. Kodi ilipobadilika ilibadilika! Mtu mmoja, waya mbili, nasikia bendi nzima.

Nikamwambia mzee hicho ndo nakitafuta miezi 4, arpejio. Akasema hajui hilo neno, wao waliita kuvunja kodi. Akanipa gitaa akasema haya piga solo. Nikapiga. Hakuniacha hata nimalize raundi.

"We mwanangu unapita barabarani unawapungia watu mkono. Hujaingia nyumba ya mtu hata moja. Kila kodi na hodi yake."

Nikamuuliza hodi ndo ipi. Akaweka vidole viwili kwenye shingo ya gitaa, na hapa naomba kama una gitaa karibu ulichukue maana nikieleza hewani hutanielewa.

Waya wa 4 (hesabu kutoka ule mwembamba wa chini) freti ya 7 (freti ni zile nafasi kati ya vyuma vya shingoni), na waya wa 3 freti ya 8. Noti mbili tu. Ya kwanza ni A, ya pili ni E flati. Hizo ni noti ya tatu na noti ya saba za F7, ukihesabu skeli yake kuanzia F, na huhitaji hata F yenyewe, mtu wa bezi anayo, usimnyang'anye kazi. Sasa sogeza vidole vyote viwili nyuma freti moja. Umepata A flati na D. Hiyo ni B flati 7 tayari, sema zimebadilishana zamu, ile ya chini saivi ndo saba na ya juu ndo tatu. Rudi F7. Sogeza mbele freti moja. B flati na E, hiyo ni C7. Basi bluzi nzima ya kodi 3 ipo kwenye freti 4, vidole viwili vinasogea kama mtu anayepishana na mwenzie kwenye korido.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pale nikairudia nadhani mara 50. F7, rudi nyuma moja, njoo, rudi nyuma, njoo, mbele moja, rudi. Miezi 4 naichora ile michati ya sehemu 5 na hakuna siku niliyogundua kwamba kutoka F7 kwenda B flati 7 ile A inashuka nusu hatua tu kuwa A flati. Nusu hatua! Freti moja! Na hiyo freti moja ndo sikio la mtu yeyote, hata mlevi, linapojua tumehama. Mi nlikuwa naihama kodi kwa kukimbia freti 5 kutafuta mzizi wakati mlango upo hapa pembeni ya kidole.

Mzee akasema hodi ni ile ya tatu. Ukiipiga ile pale kodi inapoingia, umepiga hodi, wenyewe wamekujua wewe nani. Baada ya hapo hata ukae ndani uvue viatu unywe chai, sawa. Lakini hodi kwanza.

Tukaongea sana siku ile mpaka nikakosa gari za mapema. Alichonichekesha ni kwamba nilimwambia najifunza jazi, akasema "kwani sisi tulikuwa tunapiga nini?" Na ukifikiria ni kweli, bendi zao karibu zote zilikuwa jazi kwa jina, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, kwao Tanga Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, hata hapa kwetu Chuga ilikuwepo Arusha Jazz, wale ndugu wa Kinyonga walipita hapa wakitokea Tanga mwanzoni mwa miaka ya 70 kabla hawajavuka kwenda Kenya kuwa bendi ya Simba Wanyika. Haikuwa swingi ya Wamarekani, ilikuwa rumba na chacha na mitindo yao wenyewe, ila sikiliza gitaa la solo. Msikilize Mbaraka Mwinshehe, aliyekufa kwa ajali ya gari kule Mombasa 1979 akiwa na miaka 34 tu. Zile solo zinaishi ndani ya kodi. Mpigaji anavunja kodi, anaiunganisha na inayofuata kwa noti ya karibu, anaendelea, dakika nzima, na mtu anacheza chini bila kujua kwamba anachezea arpejio. Kwaiyo masikio yetu haya yaliyolelewa na redio ya babu yanaijua hii kazi toka zamani. Kilichoongezeka kwenye jazi ile nyingine ni zile noti za saba na tisa, na kodi zenyewe zinabadilika haraka, wakati mwingine mbili ndani ya baa moja, ndo maana inaonekana kama hesabu za fomu four.

Toka siku hiyo nikawa naenda Moshi kila Jumamosi ya pili. Hela hachukui, nampelekea kahawa na betri za tochi.

Kazi aliyonipa ya kwanza ilikuwa ya kijinga kweli. Metronomu, ile mashine ya kugonga mapigo, kwenye 60 kwa dakika, kila baa noti moja tu. Moja! Ile ya tatu, pale kodi inapoanza, alafu kaa kimya baa nzima. F7 piga A, nyamaza. B flati 7 piga D, nyamaza. Wiki nzima hivo. Nilidhani ananifanyia masihara, ila jaribu uone, siku ya kwanza nlikuwa nachelewa kila baa ya 5 kwa sababu kichwa kilikuwa hakijui kama tumefika mpaka tufike. Ndo nikajua kumbe miaka yote nlikuwa naisikia kodi baada ya kuingia, naikimbilia kwa nyuma, kama mtu anayekimbiza Hais iliyoondoka.

Wiki ya pili noti mbili, unaitangulia ile ya tatu na noti ya nusu hatua chini yake. D unaitanguliza na C shapu, yaani C iliyopandishwa nusu hatua. Wiki ya tatu unaizungukia, moja ya juu moja ya chini ndo unatua, E flati, C shapu, D. Hapo ndo kitu kikaanza kunukia jazi, nikacheka peke yangu sebuleni. Zile noti ambazo sio za kodi zinakuwa kama mtu anayezunguka nyumba akichungulia dirishani kabla ya kugonga. Ukigonga mlango sahihi zote zinasamehewa. Usipogonga, we ni mwizi.

Alafu ndo tukarudi kwenye arpejio kamili, ila na sheria mbili. Ya kwanza usianzie kwenye mzizi. F7 anzia A, panda C, E flati, malizia G, ambayo ni ya tisa, F iache huko kwa jamaa wa bezi. Ukiipiga hivi A C E flati G inasikika ya kikubwa zaidi kuliko F A C E flati na ni vidole vilevile. Waya wa 4 freti ya 7 kwa kidole cha kwanza, palepale freti ya 10 kidole cha mwisho, waya wa 3 freti ya 8, waya wa 2 freti ya 8, umemaliza. Sheria ya pili, usisimame. Metronomu inaenda, wewe noti 8 kila baa bila pengo, na kodi ikibadilika hurudi chini kuanza upya, unaingia kwenye noti iliyo karibu zaidi na ulipo ya kodi mpya, ukiwa unapanda endelea kupanda, ukifika mwisho wa eneo geuka ushuke. Hapa ndo jasho lilipo. Hii ndo ile kitu wanaoifundisha wanaitilia mkazo kweli na watu wengi tunairuka kwa sababu haina ladha ya kuonyesha watu. Nilikuwa nazipiga raundi 2 tu kichwa kinauma.

Kwenye gari nlikuwa nafanya bila gitaa. Nafumba macho naiona shingo ya gitaa, natamka noti kwa sauti ya chini, A C E flati G, kodi inahama, A flati, F, D. Safari moja tumetoka Usa River mama mmoja ana beseni la parachichi miguuni akanigusa.

"Mwanangu unaumwa?"

"Hapana mama, nafanya mazoezi ya muziki."

"Aaa, kwaya. KKKT au Katoliki?"

"KKKT mama, ila hii ni ya gitaa."

"Basi ombea na hii gari, breki zake sizipendi."

Akanipa parachichi moja. Mpaka Boma Ng'ombe nikawa sijui niko baa ya ngapi.

Usiku nyumbani nina shida nyingine, mtoto analala chumba kinachopakana na sebule na ukuta ni ule wa kusikia jirani akikohoa. Nikaacha piki, kile kiplastiki cha kupigia waya, napiga kwa gumba. Baadae ndo nikakumbuka Wes Montgomery, yule mpiga gitaa la jazi wa Indianapolis, naye inasimuliwa alianza gumba kwa ajili hiyohiyo, kelele, mchana yupo kiwandani usiku anapiga. Sijifananishi naye jamani! Ila gumba lina faida moja ambayo sikuitegemea, haliwezi kukimbia, angalau langu haliwezi, kwaiyo kila noti inabidi uichague. Na huyu mpiga gitaa Charlie Christian wa kabla yake, aliyeingia kwenye bendi ya Benny Goodman 1939 na kufikia 1942 ameshakufa ana miaka 25, nilimsikiliza upya baada ya kazi za mzee nikaona kumbe sehemu kubwa ya anachofanya ni hiki, mkono umeshika umbo la kodi na vidole vinaivunja palepale. Zamani nlikuwa namsikia kama uchawi. Django Reinhardt, mpiga gitaa mwingine, ndo sisemi, mkono wa kushoto vidole viwili ndo vilikuwa vinafanya kazi ya solo baada ya kuungua kwenye moto wa 1928. Viwili! Na mi nina vinne nalalamika.

Tatizo likaja nilipompelekea mzee rekodi ya bluzi ya kijazi yenyewe, ile anayoijua yule mgeni. Maana kumbe haina kodi 3. Baa ya 4 wanachomeka C minor 7 kabla ya kwenda B flati, baa ya 8 kuna D7, ya 9 G minor 7, ya 10 C7, ndo wanarudi F. Kwenye karatasi nilikuwa naijua, mkononi inanimwaga kuanzia baa ya 8 kila siku. Mzee majina ya hizo kodi hakuyataka. Alisikiliza kwenye simu yangu ameweka sikioni kama redio, akarudisha, akasikiliza tena, akasema "hapa mwishoni kuna kitu kinashuka." Akachukua gitaa akaanza kukitafuta kwa waya mmoja tu, wa 3. Alitafuta kama dakika 5, anakosea, anajisonya, anarudia. Alafu akakipata. Freti ya 11. Ya 10. Ya 9. Ya 8. Kila baa freti moja chini.

Nikaenda kuangalia kwenye karatasi. F shapu, hiyo ni tatu ya D7. F, hiyo ni saba ya G minor 7. E, tatu ya C7. E flati, saba ya F7 yenyewe, umefika nyumbani. Baa 4 zilizonitoa jasho mwaka mzima ni waya mmoja kidole kimoja kinashuka ngazi. Mzee hajui F shapu ni nini kwenye karatasi na alikiona kabla yangu mi mwenye daftari. Nilinyamaza tu nikanywa chai ya tangawizi.

Sasa unajuaje kama imeingia. Mzee mtihani wake ni mmoja, anakupa mgongo, anashika bisibisi, unapiga solo peke yako bila chochote nyuma, na yeye anagonga bisibisi kwenye meza kila anaposikia kodi imehama. Huruhusiwi kupiga kodi yenyewe, solo tu. Asipogonga ujue hujapiga hodi. Mara ya kwanza aligonga mara 2 raundi nzima, na moja alisema ilikuwa nzi.

Hotelini bado napiga Ijumaa. Yule mgeni hajarudi wala simtegemei, watalii bado wanakunywa supu. Jamaa wa bezi wiki iliyopita baada ya bluzi alinipa ngumi ya bega, kwake hiyo ni hotuba.

Jana jioni nikaamua mtihani niufanye nyumbani. Mke wangu sio mpigaji ila ni sauti ya pili kwenye kwaya miaka 9, sikio lake siliwezi. Alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, nikakaa mlangoni na gitaa nikamwambia mama fulani, nikipiga ukisikia tumehama gonga mwiko kwenye sufuria, usipoisikia usigonge, usinionee huruma. Akasema haya mwalimu.

Nikaanza polepole na gumba. Baa ya 2, ko. Ya 3, ko. Ya 4 kati, ko, nikashtuka hata mimi maana pale ni pagumu. Ya 5, ko. Ya 7, ya 8, ko, ko. Ya 9 kimya. Ya 10, ko. Ya 11, ko.

"Pale katikati hujahama," akasema bila kugeuka. "Umekaa kwa yule wa kwanza, alafu umeruka mmoja."

Nikamwambia nimehama bana, nimepiga G kabisa, mzizi wenyewe wa kodi. Akasema sijui mzizi mimi, nasema sikusikia mlango. Nikairudia taratibu nikijisikiliza. Kweli. F shapu nilikuwa naiacha vizuri kwenye baa ya 8, alafu kwa uoga narukia G ya juu badala ya kushuka F, na E ya baa ya 10 inakuja haina mtu aliyemtangulia. Freti moja nimeiruka. Nikarudi baa ya 8, F shapu, nikashusha kidole freti ya 10, nikakiacha F ilie.

Ko.

"Haya hapo sawa, rudia," akasema, na tukarudia, tukarudia, mpaka harufu ikafika sebuleni ndo tukakumbuka vitunguu.